Kipimo cha Kengele

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kwanza kazini. Nimefika kabla mlinzi hajafungua lango. Nimesimama nje na koti langu jeupe, pasi imekaa sawasawa, nikionekana kama ninavyostahili kuonekana.

Mwalimu Mkuu amenipokea vizuri. Mama wa makamo, miwani, sauti ya chini, hacheki ovyo. Amenionyesha chumba cha wagonjwa: vitanda viwili, benchi, kabati, sinki, dirisha linalotazama uwanja. Akanieleza kwamba shule haijapata kuwa na muuguzi wake, kwa hiyo niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa muhula. Nikifaa nabaki. Nisipofaa, chumba kitakuwa stoo ya michezo. Alilisema taratibu tu, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo.

Kisha akatoa sharti moja. Ukiwa na shaka, Nesi, piga simu hospitali. Namba ameibandika ukutani mwenyewe, juu ya sinki.

Nimeumia kidogo. Mtu katoka chumba cha plasta cha hospitali kubwa, kafunga mifupa ya watu wazima wanaopiga mayowe, leo anaambiwa habari za shaka. Shaka ni ya wasiosoma. Mimi nina jicho la kitaalamu.

Baadaye nimekutana na mwalimu wa michezo. Mwanamume wa kifua, filimbi shingoni hata anapokunywa chai. Wanafunzi wanamwita Filimbi, na jina limemkaa. Hakunisalimia sawasawa. Aliingia moja kwa moja, akaupima ukuta kwa shibiri, akasema nyavu zitaenea hapa. Nikamuuliza nyavu zipi. Akacheka. Akasema yeye tangu azaliwe hajaumwa, hata yale maradhi ya utotoni ambayo kila mtu huyapata yalimpita kando, na haoni shule inamtaka muuguzi wa nini.

Huyu ni adui. Namwandika hapa siku ya kwanza ili baadaye isisemwe kwamba sikumtambua.

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi nimekuta benchi limejaa. Matumbo, vichwa, kizunguzungu, mmoja kiuno. Wote wa darasa moja. Nikauliza kwa upole darasani kwao kuna nini leo. Kuna jaribio la Hesabu. Basi.

Ikawa kazi kumtenga mgonjwa na mjanja bila kupoteza muda kwa kipimajoto. Kifaa hicho bado kimo kwenye boksi lake, na kwa maoni yangu kiendelee kukaa humo. Kinapima joto tu. Hakimpimi mtu.

Ndipo kengele ya mapumziko ilipolia. Vichwa vyote vikageukia dirishani kwa pamoja, kama kuku waliosikia mtama ukimwagwa. Vyote isipokuwa kimoja.

Nilisimama pale mdomo wazi. Jawabu lilikuwa mbele ya macho yangu. Mgonjwa wa kweli hageuki kengele ikilia. Hana habari na mapumziko. Mzima hawezi kujizuia, shingo inamsaliti. Nimekiita Kipimo cha Kengele, na sijasikia kwamba kuna mtu aliyekigundua kabla yangu.

Waliogeuka nimewarudisha darasani. Yule mmoja nikampa kitanda, akalala fofofo mpaka saa ya kutoka, akaamka na kusema usiku alikesha kwenye harusi ya dada yake. Haidhuru. Kipimo kilimpima kugeuka, na kweli hakugeuka.

Mwalimu wa Hesabu amenipa mkono mbele ya wenzake. Nasikia wanafunzi wameshanipa jina: Rudi Darasani. Nimemsimulia mke wangu wakati wa chakula. Akaguna. Mke wangu ana saluni, na mguno huo naujua. Ndio anaoutoa mteja anapoomba mtindo usiomfaa.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimepata kesi ngumu. Nimeimaliza kwa urahisi.

Alikuja binti wa darasa la sita, mwembamba, miguu mirefu. Nimeambiwa ndiye mkimbiaji tegemeo wa Filimbi kwa mashindano ya shule yanayokuja. Alisema mwili wote unamuuma, anasikia baridi, kifua kinamwasha. Akanionyesha vipele viwili vitatu shingoni. Vyekundu, kimoja kina maji.

Nikainama nikavitazama kwa karibu sana, pua nusura iguse. Vipele vya joto. Nikamwambia akae asubiri kengele.

Ikalia. Akageuka. Ni kweli rafiki yake alikuwa dirishani anamwita, lakini kipimo hakiangalii nani kamwita nani. Shingo iligeuka.

Nikamwambia, mwanangu, rudi darasani. Akasema Nesi, naumwa kweli. Nikamfahamisha kwamba mgonjwa wa kweli hana nguvu za kubishana. Akaenda. Alipofika mlangoni alijishika ukutani, akasimama kidogo ndipo akaendelea. Nikaona huyu mtoto ana kipaji cha maigizo pia.

Ijumaa, 8 Machi

Binti hakuja shule. Nilitarajia. Mjanja akikamatwa hujificha.

Jirani yao kaleta habari kwamba mtoto hajiwezi, kapelekwa kwa bibi yake. Mwalimu Mkuu ameniita kuniuliza naonaje. Nikamwambia ni utoro, tena wa kupangwa. Akanitazama juu ya miwani. Akauliza kama nilimpima joto. Nikamjibu kwamba nilimpima kwa undani zaidi ya hapo.

Amekubali shingo upande. Mtoto akirudi ataokota takataka uwanjani kila mapumziko, na mbio basi mpaka ajirekebishe.

Filimbi akaja juu. Akasema namuulia timu, kwamba mbio zake za kupokezana kijiti bila yule binti zimebaki watoto watatu na kijiti chao. Nikamwambia mimi nafuata taaluma, sifuati vijiti. Sijapata kufurahi hivi tangu nianze kazi.

Jumatano, 13 Machi

Chumba kitupu tangu Jumatatu. Hakuna tumbo, hakuna kichwa. Benchi linang'aa. Nimeketi, mikono kifuani, nikisikiliza bomba la sinki likidondoka. Shule nzima imepona kwa kuniogopa.

Mchana Mwalimu Mkuu akachungulia. Akaviona vitanda vimetandikwa, hakuna hata mkunjo. Nikajiweka tayari kupongezwa. Akasema kama kweli hakuna anayeumwa, basi huenda Filimbi ana hoja. Akaenda zake.

Haikupita muda Filimbi akaingia na kapu la mipira. Akalisukuma chini ya kitanda cha pili kwa mguu. Akasema ni kwa muda tu, huku anapiga mluzi.

Kumbe nimefanya kazi vizuri kupita kiasi. Mtu anaweza kunyang'anywa mkate kwa sababu ya mafanikio yake mwenyewe! Nimekata shauri: kesho lazima nipate mgonjwa. Tena mgonjwa wa maana, wa kuonekana kutoka mbali.

Alhamisi, 14 Machi

Nimempata. Golikipa wa Filimbi.

Alikuja kuomba bendeji ndogo, kidole kimeteguka mazoezini. Baada ya matumbo na vichwa vyote vile, hatimaye kitu cha fani yangu.

Nikamweleza kwamba kidole kimeshikana na mkono, mkono umeshikana na bega, na hapa hatubahatishi. Nikatoa plasta niliyoondoka nayo kazi ya zamani kwa ajili ya kumbukumbu. Nikamfunga kuanzia vidoleni mpaka begani. Kazi safi, laini, kiwiko kimekunjwa kwa kipimo. Nikarudi nyuma kuutazama. Mkono ulikuwa umenyanyuka juu, kama wa mtoto anayeomba kujibu swali.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mwalimu wa Historia ni mzee, haoni mbali. Alimchagua mtoto ajibu swali. Mtoto akasema hakunyoosha mkono. Akamchagua tena. Tena mtoto akasema hakunyoosha. Mara ya tatu mzee akaona anafanyiwa mzaha, akamkokota mpaka ofisini.

Mwalimu Mkuu akaniuliza kama kulikuwa na picha ya mfupa. Nikamwambia kwa uzoefu wangu macho yangu ndiyo picha. Hakucheka. Filimbi akaikata plasta yangu kwa mkasi wa bustani, mbele ya watu, taratibu, akinitazama mimi badala ya kutazama anapokata. Kidole kikafungwa kitambaa.

Naambiwa kimeshaanza kupona. Ni zile saa chache za plasta.

Jumatatu, 18 Machi

Binti mtoro amerudi. Ana alama ndogo ndogo usoni na shingoni, zimekauka. Mbu wa kwa bibi yake, hilo ni dhahiri. Adhabu imeanza leo leo. Mapumziko yote nimemwona kupitia dirisha langu, kainama na ndoo, anaokota makaratasi huku wenzake wanamzunguka wakikimbia. Aliponiona akasimama akanisalimia. Shikamoo, Nesi. Sikuipenda sauti yake. Ilikuwa na adabu mno.

Filimbi leo kavimba kichwa. Jezi mpya za timu zimefika, njano ya kuumiza macho, zinanuka rangi. Kawavisha watoto wake wote hapo hapo na kuwazungusha uwanja mzima ili watu waone. Binti hakupewa, yuko kwenye adhabu. Golikipa alinipungia mkono kwa mbali. Ule ule wa plasta.

Mipira chini ya kitanda imeongezeka. Sasa kuna na vikoni vya kuwekea alama uwanjani.

Alhamisi, 21 Machi

Siku kubwa. Nimechoka isivyo kawaida, nadhani ni furaha.

Asubuhi wamekuja wale watatu wa kijiti. Kisha golikipa. Kisha wengine, mpaka benchi likajaa na wengine wakakaa sakafuni. Homa. Vipele. Vyekundu, vingine vina maji. Kengele ya mapumziko ikalia, na hakuna hata mmoja aliyegeuka. Hata mmoja! Nimepata uthibitisho wa kipimo changu ambao hata chuo kikuu kisingenipa.

Nikatulia nikafikiri. Hawa wana kitu gani cha pamoja? Wote wa timu. Wote walivaa jezi Jumatatu. Na binti mtoro, ambaye hakuvaa jezi, hana kipele kipya hata kimoja. Ushahidi gani tena unatakiwa?

Ni rangi ya jezi. Filimbi kawatia watoto sumu.

Nilimkimbilia Mwalimu Mkuu. Alivitazama vipele, akaanza kusema kwamba vinamkumbusha kitu. Nikamkatiza kwa heshima nikampa maelezo yangu. Akasema hata hivyo atapiga simu hospitali. Nikamwambia mimi sina shaka. Akasema yeye anayo. Watoto wamerudishwa nyumbani na wazazi wameitwa kikao keshokutwa.

Nimemwona Filimbi kakaa peke yake kwenye ngazi za uwanja, filimbi mkononi, haipulizi. Mashindano ni wiki ijayo na hana timu. Karibu nimwonee huruma. Kisha nikakumbuka vikoni.

Ijumaa, 22 Machi

Maneno matupu hayatoshi mbele ya wazazi. Mtaalamu huonyesha.

Mchana nimechomoa jezi moja kwenye kapu, namba tisa, nikaivaa chini ya shati. Inanibana kwapani. Nitaivaa mpaka kesho kikaoni. Kama ni sumu, itanishika mimi mwenyewe, hadharani, na hapo Filimbi atatafuta pa kujificha.

Na imeanza kunishika! Kufikia jioni kichwa kinanigonga, mgongo unauma, baridi inaniingia na jua bado linawaka. Kifua kinawasha. Nikamwita mke wangu aje ashuhudie sayansi ikifanya kazi.

Alinifunua shati, akasogea nyuma. Akasema baba watoto, hii ni tetekuwanga. Nikacheka. Nikamweleza kwamba tetekuwanga niliipata utotoni, nakumbuka vizuri, na mtu haugui mara mbili. Akasema mpigie mama yako.

Nikampigia kumridhisha tu. Mama akasema aliyeugua ni kaka yangu. Mimi nilipelekwa kwa shangazi nisije nikaambukizwa, nikalia njia nzima. Akauliza kwa nini namuuliza, je, naumwa? Nikamwambia siumwi, nafanya utafiti.

Mama umri umekwenda. Anatuchanganya watoto wake. Nimelala na jezi.

Jumamosi, 23 Machi

Nitaandika kila kitu kama kilivyokuwa, kwa sababu watasimulia vingine.

Ukumbi ulijaa. Wazazi mbele, walimu pembeni, Filimbi kajikunyata kwenye kona. Mwalimu Mkuu alisema tumngoje daktari wa hospitali, yuko njiani. Nikasema hakuna haja, nikasimama. Sauti ilitoka vizuri. Nikawaeleza kuhusu rangi. Nikawaeleza kuhusu uzembe wa watu wanaothamini michezo kuliko ngozi za watoto. Wazazi wakaanza kunung'unika na kumgeukia Filimbi. Nilikuwa nimemweka mkononi.

Ndipo nikafungua koti, nikafungua shati, nikapandisha jezi. Tumbo na kifua, vipele kila mahali. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Mama mmoja alifunika macho. Nikasema, wazazi wangu, nimeutoa mwili wangu mwenyewe, jezi hii nimeivaa tangu jana tu, na tazameni.

Ulikuwa wakati mzuri kuliko wote maishani mwangu. Ulidumu mpaka mlango ulipofunguliwa.

Daktari ni mwanamke, tena mdogo kwangu kwa umri, jambo ambalo halikunisaidia. Hata hakufika mbele. Alisimama pale pale kati ya viti akanitazama. Akauliza kama jezi ile inafunika na uso. Nikajishika shavu. Vilikuwepo na huko. Nikasema labda ni harufu yake, inapanda juu. Watu wakacheka. Alisema ni tetekuwanga, na akaomba nishushe jezi, niketi mbali na watu.

Kisha akaeleza kwamba ugonjwa huu ukimwingia mtu hukaa kimya kama majuma mawili kabla ya kujitokeza, kwa hiyo kuna mtoto aliyeanza. Nani aliugua mwanzoni mwa mwezi?

Nyuma kabisa akasimama yule binti, kando ya mama yake. Akasema ni yeye. Akasema alikuja kwa Nesi ile Alhamisi, na Nesi alivitazama vipele kwa karibu, akamwambia arudi darasani. Akakaa darasani na wenzake, wengi wao wa timu, mpaka saa ya kutoka. Aliongea bila hasira hata kidogo. Afadhali angepiga kelele.

Mwalimu Mkuu akaniuliza ilikuwaje. Nikasema kengele ililia, akageuka.

Mama yake akasimama naye. Alisema siku ile mtoto alirudi nyumbani kabebwa mgongoni na jirani, hajui yuko wapi. Hakuja kumlaumu mtu kwa ugonjwa, ugonjwa ni wa kila mtoto. Anataka kujua kitu kimoja tu. Mwanangu aliokota takataka kwa kosa gani?

Walimu walitazama chini. Mwalimu Mkuu alivua miwani akaishika tu mkononi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliona aibu, naandika wazi, aibu ya kweli, na ilidumu mpaka nilipofika nje. Huko hewa safi ilinipa nafasi ya kufikiri, nikatambua kwamba tatizo lote lilitokana na rafiki yake kumwita pale dirishani. Kama angenyamaza, kipimo kingesema kweli.

Jumanne, 26 Machi

Niko nyumbani, nimetengwa. Nimepakwa dawa nyeupe mwili mzima. Mke wangu, aliyeugua utotoni kama watu wengine, ananiletea uji huku kabana midomo. Kicheko chake nakisikia akiwa jikoni.

Mwalimu Mkuu amepiga simu. Adhabu ya binti imefutwa na yeye mwenyewe amemwomba radhi mtoto mbele ya shule nzima. Mashindano yameahirishwa mpaka timu ipone. Mimi sijafukuzwa kwa sababu shule haiwezi kukaa bila muuguzi wakati watoto wanaumwa, lakini uamuzi kamili atautoa muhula ukifungwa, na kama yeye angekuwa mimi, alisema, angeanza kwa kumwomba mtoto msamaha.

Nimefanya hivyo mara moja. Nilimpigia mama yake nikamwambia sina kinyongo na binti, na kwamba namsamehe kwa kugeuka. Simu ikakatika. Mtandao wa huku ni mbovu.

Alasiri muuza maziwa alipita barabarani anapiga kengele ya baiskeli. Nikageuka. Nikakaa kitandani nikilitafakari hilo. Nimegeuka, kwa hiyo mimi ni mzima. Nikaamka nikavaa koti niende kazini. Mke wangu alikuwa kasimama mlangoni, mwiko mkononi. Nimerudi kitandani, lakini kwa kuheshimu ndoa tu.

Jumatano, 3 Aprili

Nimerudi kazini. Vipele vimekauka, daktari ameniruhusu. Mwalimu Mkuu amenipokea kwa maneno machache. Juu ya sinki ile karatasi ya namba ya simu imebadilishwa, sasa maandishi yanasomeka hata ukiwa mlangoni. Ukiwa na shaka, piga simu. Boksi la kipimajoto limewekwa katikati ya meza yangu. Muhula unafungwa keshokutwa na atanipa jibu lake.

Lakini leo bahati imenigeukia.

Mashindano ni leo. Timu imepona, jezi zimefuliwa, basi limesimama langoni. Waandaaji wamesikia habari zetu na hawataki mtu apande basi bila kupitishwa na muuguzi wa shule. Watoto na watu wazima. Nimewapitisha watoto wote, na binti mkimbiaji akiwemo. Nimeonyesha kwamba sina chuki.

Wa mwisho akawa Filimbi. Kaingia pole pole, akaketi kwenye benchi langu kwa hiari yake. Sijapata kumwona mpole vile. Macho mekundu, jasho kwenye paji la uso, anajikuna mgongo kwa kuusugua ukutani. Akasema kichwa kinamgonga tangu jana, mgongo unamuuma, lakini Nesi, nipitishe. Nimeingoja siku hii mwaka mzima. Ukinipitisha, mipira naiondoa leo leo, na nitamwambia Mwalimu Mkuu kwa mdomo wangu kwamba chumba hiki kikae na wewe.

Nikasema mimi sinunuliki. Nitampima kama wengine.

Nikafungua boksi kwa mara ya kwanza. Kipimajoto kikasoma juu mno. Nikakitikisa. Kikasoma vile vile. Kimeharibika kwa kukaa bila kazi. Pale shingoni ana vipele viwili vitatu, ambavyo nimevitambua mara moja kuwa vya kamba ya filimbi.

Bado nikaona nimtendee haki kamili. Nikamwambia tusubiri kengele. Tukakaa wote wawili, yeye kafumba macho. Kengele ikalia. Akafumbua, akageukia dirishani lilipo basi.

Nikaitazama na ile karatasi ya ukutani. Ukiwa na shaka. Nikajichunguza kwa dhati, kwa sababu mimi si mtu wa kupuuza maagizo. Sikuwa nayo.

Nimempitisha. Akanishika mkono kwa mikono miwili, ya moto, mtu mwenye ari. Akaitoa mipira mwenyewe, akipumzika kidogo kila baada ya hatua chache. Chumba kimebaki changu. Nikamsindikiza mpaka kwenye basi, akaketi kiti cha mbele. Huko waendako kuna shule nyingine kadhaa, watoto wengi, atachangamka.

Basi lilipokuwa linawasha injini, yule binti akateremka. Akaja mpaka nilipo, akasimama kwa adabu yake ile ile. Shikamoo, Nesi. Akaniuliza kama Mwalimu wa michezo alipimwa joto.

Nikamwambia arudi kwenye kiti chake.